Pundamilia Mwenye Kimo cha Tembo: Uhakiki wa Modeli Moja ya Karatu

Ukitoka Karatu kuelekea geti la Lodoare kuna hoteli moja, jina naliacha, yenye modeli ya mbao pale mapokezi. Ni ndege yenye milia ya pundamilia, chini yake pundamilia wanne wanakula majani, na pembeni ndege mwitu ananing'inia kwa uzi. Imechongwa vizuri kweli. Tatizo lilianza nilipotoa rula.

Ndege yenyewe ni Dornier Do 27, namba D-ENTE, ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti na Ngorongoro mwaka 1958. Ndege halisi ina mita 12 toka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Ya hotelini ina sentimita 25. Gawanya 1200 kwa 25, unapata 48. Kwa hiyo skeli ni 1/48, ileile ya modeli nyingi za plastiki za kuunganisha. Hadi hapo, hongera fundi.

Sasa mpime pundamilia: sentimita 6 begani. Zidisha kwa 48, ni mita 2.88. Huyo ana kimo cha tembo! Pundamilia wetu hufika kama mita 1.3 begani, kwa hiyo alitakiwa awe na milimita 27 tu.

Utasema, si pambo tu hilo? Hapo ndipo ninapogoma. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, akiwa na miaka 24, aliruka peke yake, ndege ikagongana na tumbusi, ikaanguka. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, na wageni wengi hulipita wakijiuliza: kweli tumbusi anaweza kuangusha ndege? Yule wa kwenye uzi ana sentimita 1.5 za mbawa. Kwa 1/48 hiyo ni sentimita 72, yaani njiwa! Tumbusi halisi akitandaza mbawa hufikia mita 2.4 hivi. Kwenye modeli alipaswa kuwa na sentimita 5, moja ya tano ya upana wa ndege. Ukimwona kwa kipimo hicho, huulizi tena.

Ukitaka kujitengenezea yako, anza na skeli, kisha kila kitu kiifuate. Namba hizi zimetoka kwenye futi na inchi: 1/48 ni inchi moja kwa futi 4, na 1/72 ni inchi moja kwa futi 6. Usidanganyike, namba ikikua modeli inapungua. Dornier ya 1/72 ina sentimita 16.7 tu. Kuihamishia 1/48, zidisha kila urefu kwa 72/48, yaani 1.5. Ila rangi hufuata eneo, siyo urefu: 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Nunua rangi zaidi ya mara mbili.

Mimi ningebaki na 1/48. Kwa 1/72 pundamilia ana milimita 18, na kumchora milia ni kuumiza macho bure.

Ombi langu kwa hoteli ni dogo: ndege iacheni ilivyo, wachongeni upya pundamilia. Na kabla yao, mchongeni tumbusi.