Kuyeyusha dhahabu bila zebaki wala sayanaidi

Kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Lwamgasa, mkoani Geita, mawe yanasagwa kwenye karasha, unga wake unaoshwa juu ya mwalo uliotandikwa magunia, na mchanga mzito ulionaswa unakung'utiwa ndani ya karai. Hapo ndipo zebaki inapomiminwa na kufikichwa kwa mikono mitupu. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, linachomwa. Mchanga unaobaki, yaani marudio, unakwenda kwa mwenye plant ya sayanaidi kwa kuwa bado una dhahabu nyingi. Lakini bado una zebaki pia, na sayanaidi huiyeyusha zebaki na kuiingiza kwenye maji. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, umeitaja tabia ya kutia sayanaidi kwenye mchanga wenye zebaki kati ya zile zinazotakiwa kukomeshwa.

Kwa hiyo kazi iliyochapishwa 2016 na Gawen Jenkin, Andrew Abbott na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, inatuhusu moja kwa moja. Waliyeyusha madini ya dhahabu kwa kimiminika cha jamii ya viyeyushi vya yutektiki, kisha wakaonyesha jinsi ya kuirudisha dhahabu kutoka humo.

Tabia ya viyeyushi hivi Abbott aliionyesha tangu 2003. Chukua kolini kloraidi, ambayo huongezwa kwenye chakula cha kuku, na yurea, mbolea anayoijua kila mkulima wa mahindi. Zote ni chengachenga ngumu: ya kwanza huyeyuka kwenye nyuzi 302 za Selsiasi, ya pili kwenye 133. Changanya gramu 140 za kolini kloraidi na gramu 120 za yurea, pasha moto kidogo ukikoroga, na unapata kimiminika angavu kinachobaki kimiminika hadi nyuzi 12. Kloraidi hushikana na hidrojeni za yurea kwa nguvu kiasi kwamba hakuna kati yao inayoweza kujipanga tena kuwa fuwele. Mchanganyiko huo hauwaki kirahisi, na mvuke wake ni mdogo mno.

Una kasoro moja kubwa: ni mzito, unatiririka polepole. Ndiyo sababu Leicester walitumia ethilini glaikoli badala ya yurea, na mchanganyiko ukawa mwepesi zaidi. Hapa neno "rafiki wa mazingira", linalotumiwa kuvisifu viyeyushi hivi, linahitaji tahadhari. Ethilini glaikoli ndiyo inayotiwa kwenye rejeta za magari. Ukiinywa inaharibu figo na inaweza kuua. Inaoza kwenye udongo, tofauti na zebaki, lakini haifai kuhifadhiwa kwenye chupa ya soda pale mwaloni.

Kiyeyushi peke yake hakiigusi dhahabu. Lazima kuwe na kitu cha kuipokonya elektroni na kingine cha kuishika isirudi kuwa metali. Kwenye sayanaidi, oksijeni ya hewani hupokonya na sayanaidi hushika. Leicester waliweka ayodini ipokonye, ndani ya kimiminika kilichojaa kloraidi, na dhahabu iliyochanganyika na fedha ikayeyuka, na galena (madini ya risasi) na kalkopiriti (madini ya shaba) zikayeyuka pia. Kisha umeme. Dhahabu hujipaka kwenye ncha hasi, na kwenye ncha chanya ayodini huzaliwa upya, tayari kwa zamu nyingine. Mzunguko huu naupenda kuliko yote, kwa kuwa hakuna haja ya kurudi dukani kila siku kununua dawa.

Hiyo ilikuwa kazi ya maabara. Kwa Geita, naona shida iko kwenye mchanga unaotoka. Tuseme umechuja vizuri, na tani moja ya mchanga uliolowa imebaki na kimiminika kwa asilimia 20 ya uzito wake: hizo ni kilo 200 za kiyeyushi zinazokwenda kwenye lundo, pamoja na ayodini yake. Ukiusuuza kwa maji unakipata kiyeyushi, lakini kimezimuliwa. Maji yakizidi, ile mishikano ya hidrojeni hulegea na unabaki na maji ya chumvi. Kuyakausha kunataka moto, na moto ni pesa. Sayanaidi inayotumika plant ni kiasi kidogo ndani ya maji mengi. Kiyeyushi cha yutektiki ndicho kimiminika chenyewe, chote.

Basi nisingekipeleka kwenye malundo ya marudio. Ningekipeleka kwenye karai, kwenye zile kilo chache za mchanga mzito ambazo leo hutiwa zebaki. Hapo kiyeyushi kinachohitajika ni ndoo, hakijai bwawa, na zebaki inaondolewa kabla haijaingia kwenye mnyororo. STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ina kituo cha mfano Lwamgasa cha kuwafundisha wachimbaji wadogo uchenjuaji. Jaribio la ukubwa huo linaingia humo. Lipimwe kwanza suuzo, kabla hata ya dhahabu: baada ya kusuuza mara ya tatu, kolini na ayodini kiasi gani bado zimo kwenye mchanga.