Kirekebishi, Kigeuzi au Kinyoosha Mkondo? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Umeme

Miongoni mwa istilahi za umeme ambazo hazijatulia katika Kiswahili, ipo moja ambayo kwa muda mrefu haikumsumbua mtu. Ni jina la kile chombo kinachopokea mkondo geu, yaani mkondo unaokwenda na kurudi, kikatoa mkondo unaokwenda upande mmoja tu. Wengine hukiita kirekebishi, wengine kigeuzi. Wengine wamelichukua jina la kigeni na kuandika rektifaya. Na wapo wasemao kinyoosha mkondo. Maadamu chombo hicho kilikaa ndani ya redio kikifanya kazi yake peke yake, kila mwalimu aliweza kutumia jina alilolizoea, na wanafunzi wake wakamwelewa. Siku hizi mambo yamebadilika. Makusudio ya makala haya ni kuyapima majina hayo manne kwa mizani moja, nayo ni saketi ya kipokezi cha kuchajia simu bila waya. Nimeichagua saketi hiyo kwa kuwa ndani yake chombo hiki kimezungukwa na majirani wengi wanaogombea majina yaleyale.

Yafaa nieleze mapema kwamba kilichonisukuma kuandika si kupenda mabishano ya maneno. Niliwahi kuonyeshwa karatasi ya mafunzo ya mafundi, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambamo mtafsiri alilitumia neno kirekebishi kwa vyombo viwili tofauti: kile kinachouelekeza mkondo upande mmoja, na kile kinachozizuia volti zisipande wala zisishuke. Karatasi hiyo iliagiza kapasita iungwe “kabla ya kirekebishi”. Aliyeitunga alikusudia chombo cha pili. Mwanafunzi akafahamu chombo cha kwanza. Akaiunga kapasita yenye upande chanya na upande hasi mahali ambapo mkondo bado unakwenda na kurudi. Kapasita ya aina hiyo haivumilii kugeuziwa pande zake. Ilipata moto, ikavimba, ikapasuka mbele ya uso wake, na macho yalisalimika kwa bahati tu. Kijana yule hakukosea kusoma. Kosa lilikuwa la sisi tunaotunga na kutafsiri.

Safari ya umeme hadi ndani ya simu

Kabla ya kulihukumu jina hapana budi kuifahamu kazi. Msingi wa kuchaji bila waya ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Katika zama zetu muungano wa makampuni uitwao Wireless Power Consortium uliundwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ukatoa toleo la kwanza la kanuni ziitwazo Qi, zilizohusu nguvu ya hadi wati 5. Viwango vimepanda tangu hapo, lakini mpangilio wa kazi umebaki uleule.

Tuufuate umeme hatua kwa hatua. Ukutani unatoka mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Adapta huunyoosha, ukawa wa upande mmoja. Ukifika katika kisahani cha kuchajia hugeuzwa tena kuwa mkondo geu, safari hii wenye mizunguko zaidi ya 100,000 kwa sekunde, kwa maana koili ya kisahani haiwezi kuirushia koili ya simu chochote kama mkondo hautabadilika. Koili ya simu huupokea ukiwa bado unakwenda na kurudi, ilhali betri haiwezi kujazwa na mkondo wa namna hiyo. Kwa hiyo umeme unanyooshwa mara ya pili, ndani ya kipokezi. Kisha kapasita huyasawazisha mawimbi yaliyobaki, na mwishoni kidhibiti huziweka volti mahali pake. Mkondo mmoja umenyooshwa mara mbili na kugeuzwa mara moja kabla ya kuifikia betri.

Chombo cha kunyoosha chenyewe kinaweza kufahamika kwa mfano wa vali ya gurudumu la baiskeli, ambayo huruhusu upepo kuingia na kuuzuia kutoka. Diodi ni vali ya umeme. Diodi nne zikiungwa kwa umbo la daraja, mkondo ukija kutoka upande huu hupita katika diodi mbili, na ukija kutoka upande wa pili hupita katika mbili nyingine, lakini daima hutokea mlango uleule. Mpango huo hujulikana pia kwa jina la Mjerumani Leo Graetz, naye Karol Pollak alikwisha kuubuni kabla yake, mwishoni mwa karne ya 19.

Vali hiyo hutoza ushuru. Diodi ya silikoni hula takriban volti 0.7. Kwa kuwa mkondo hupita katika diodi mbili kila mara, zinapotea volti 1.4. Simu inayohitaji volti 5 na ampea 1, yaani wati 5, itapoteza wati 1.4 katika daraja hilo, na wati hizo zote hugeuka joto ndani ya chombo chembamba kilichogusana na betri. Diodi za aina ya Schottky, ambazo hula takriban volti 0.35 kila moja, hupunguza hasara hiyo hadi wati 0.7. Kwa sababu hiyo wabunifu wengi wameziacha diodi na kuweka transista nne zinazofanya kazi kama swichi. Kila transista ikiwa na ukinzani wa omu 0.02, mbili kwa pamoja hupoteza wati 0.04 tu kwa mkondo uleule wa ampea 1.

Hata hivyo swichi haijui yenyewe wakati wa kufunga, kama diodi ijuavyo. Mkondo ukiwa na mizunguko 125,000 kwa sekunde, kila nusu mzunguko huchukua sehemu 4 tu za milioni za sekunde. Swichi ikichelewa kufunga, umeme uliokwisha pokewa hurudi ulikotoka. Swichi mbili za upande mmoja zikifunguka pamoja, chanya na hasi hukutana. Fundi anayesoma maelezo ya saketi ya namna hii anahitaji maneno yasiyoyumba.

Majina manne katika mizani

Tuanze na kirekebishi. Kurekebisha ni kuondoa kasoro, na mkondo geu hauna kasoro yoyote. Bila huo simu isingepata umeme hata chembe. Tena, kama ajali niliyoitaja inavyoonyesha, neno hili humvuta msomaji upande wa kidhibiti volti, ambacho kwa kweli ndicho kinachorekebisha. Nadhani mtafsiri wa kwanza alikwenda kwenye kamusi ya Kiingereza, akaona maana mbili za kitenzi, akachukua ile ya kusahihisha makosa na kuiacha ile ya kunyoosha. Asili ya neno hilo ni Kilatini, rectus, maana yake iliyonyooka. Wafaransa nao husema redresseur, yaani kinyooshacho. Waarabu husema muqawwim, kutokana na mzizi uleule uliotupatia sisi neno mustakimu. Wajerumani husema Gleichrichter, wakitazama upande mkondo unakoelekezwa. Hakuna kati ya hao aliyefikiria kasoro.

Kigeuzi kina aibu kubwa zaidi. Katika safari tuliyoieleza, chombo kilicho ndani ya kisahani na chombo kilicho ndani ya simu hufanya kazi zilizo kinyume. Tukiviita vyote viwili vigeuzi, kwa kuwa kila kimoja hugeuza kitu, tutakuwa tumewapa mahasimu wawili jina moja. Neno hili libaki kwa chombo kinachoutoa mkondo katika unyoofu na kuufanya geu, kile ambacho mafundi wa sola hukiita inveta.

Rektifaya haina utata, na hiyo ni sifa isiyopaswa kudharauliwa. Mimi si katika wale wanaokimbia kila neno la mkopo. Diodi, transista, koili na kapasita zimekwisha kuwa mali yetu. Ni majina ya vitu vinavyonunuliwa dukani, na mwenye duka anayaelewa. Lakini chombo tunachokizungumzia hujulikana kwa kazi yake, nacho kinaweza kutengenezwa kwa diodi moja, diodi nne au swichi nne. Kazi huhitaji kitenzi, na rektifaya haitupi kitenzi. Mwalimu atasemaje kwamba mkondo umekwisha kufanyiwa kazi hiyo, au kwamba umefanyiwa nusu tu? Atalazimika kukopa tena na tena.

Kinyoosha mkondo kimeundwa kwa njia ileile iliyotupatia kipaza sauti na kinasa sauti, njia ambayo Kiswahili kimeizoea. Kinazaa jamii nzima: kunyoosha, unyooshaji, mkondo ulionyooshwa, kinyoosha nusu wimbi, kinyoosha wimbi zima, kinyoosha cha diodi na kinyoosha cha swichi. Tena kinapatana na mkondo mnyoofu, jina ambalo wengi wamekwisha kulitumia kwa mkondo wa upande mmoja.

Pingamizi

Lipo pingamizi moja zito. Mkondo unaotoka katika daraja la diodi haujanyooka. Bado una vilima na mabonde, ila vilima vyote vimekuwa upande mmoja. Msemaji anayefikiria pasi na nguo atasema kwamba chombo kinachoondoa mikunjo hiyo ni kapasita, na kwamba jina la kinyoosha ni haki yake. Hoja hii ina nguvu, na sidhani kuwa tunaweza kuipuuza.

Jibu langu ni kwamba kunyoosha kwa Kiswahili si kwa pasi peke yake. Mgeni akiuliza njia huambiwa, “Nyoosha mpaka mwisho wa barabara.” Haambiwi kwamba barabara haina vilima, anaambiwa asigeuke wala asirudi nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya chombo chetu. Ama kuondoa vilima, tunalo neno kusawazisha, ambalo linamfaa kapasita zaidi ya neno lolote jingine.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba istilahi hii isisanifishwe peke yake, bali pamoja na jirani zake, kwa vitenzi vinne vyenye mipaka: kigeuzi mkondo kigeuze, kinyoosha mkondo kinyooshe, kapasita sawazishi isawazishe, na kidhibiti volti kidhibiti. Kapasita nyingine, ile inayotangulia kinyoosha na kuzisaidia koili mbili ziitikiane, ipewe jina lake ili isichanganywe na hiyo sawazishi. Tena ni vema orodha hiyo, kabla ya kupitishwa, ipelekwe kwa mafundi wa simu na walimu wa vyuo vya ufundi wakaijaribu mezani, saketi ikiwa mbele yao. Kama karatasi niliyoitaja ingesema “unga kapasita baada ya kinyoosha mkondo na kabla ya kidhibiti volti”, ingeongeza maneno machache tu, na kijana yule angemaliza zoezi lake salama.

Wasomaji walio na jina bora kuliko kinyoosha mkondo, hasa mafundi wenyewe, wanaombwa walilete katika kurasa hizi pamoja na saketi walimolijaribu.