Ororo Alipita Wapi?

Ukishika toleo la katuni linalosimulia upya chimbuko la shujaa, usikimbilie kurasa za mapigano. Tazama kwanza kumbukumbu imeingia kwa mlango gani. Mizani yangu ni toleo la 102 la X-Men, la Desemba 1976, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Dave Cockrum. Ororo, yaani Storm, amebanwa na kuta za mawe ndani ya ngome huko Ireland. Pumzi zinamwishia, hawezi kuwasaidia wenzake. Hapo ndipo tunarudishwa Cairo, vita vya Suez vya 1956: ndege inaangukia nyumba yao, baba Mmarekani na mama Mkenya wanakufa, mtoto anabaki hai chini ya kifusi, kando ya maiti ya mama yake. Kidonda cha siku ile ndicho kinachomwangusha leo. Toleo ambalo unaweza kulichania kurasa za utoto na hadithi ikasonga vilevile, hilo halifai.

Kisha itazame njia. Hapa msomaji wa Juba ana jicho kali. Ororo anatoka Cairo kwa miguu, anaishia Kenya. Anayeufuata mto Nile kwenda kusini atapita jangwa, atapita kinamasi cha Sudd, ataufikia mji wetu huu. Katuni inayaruka yote hayo kwa visanduku vichache. Nasi tunaishi na watu wazima waliotembea hivyo wakiwa watoto: hadi Ethiopia miaka ya 1980, baadaye hadi Kakuma, kambi iliyofunguliwa Kenya mwaka 1992. Muulize yeyote kati yao kama safari ile ilikuwa jambo la kurukwa. Basi kagua miguu: imechorwa? Nguo zimechakaa? Mtoto anazidi kukonda ukurasa baada ya ukurasa? Kwa kipimo hiki hata toleo la 102, ninalolipenda mno, limepungua.

Mwaka 2006 Eric Jerome Dickey aliurudia ujana wa Ororo kwa matoleo sita, akayaelekeza kwenye mapenzi ya Ororo na T'Challa, shujaa wa katuni za Black Panther, ambaye alimwoa mwaka huohuo katika katuni hizo. Yana joto, lakini hayaijali njia.

Wewe unayechora hapa Juba, mchore Ororo akiteremka ukingoni mwa mto, miguu imevimba, akiomba maji kwa Kiarabu cha Cairo, na mama mmoja akimjibu kwa Kiarabu cha Juba. Kipe kisanduku hicho ukurasa mzima.