Mathe Akanishow: Vijana wa Nairobi Wanavyonukuu

Mitihani ya Kiswahili nchini Kenya hupenda kumtaka mwanafunzi ageuze usemi halisi uwe wa taarifa: "leo" iwe "siku hiyo", "nitakuja" iwe "angekuja", na "kwamba" iunganishe. Sasa msikilize msichana wa sekondari, mtaani Eastlands, akimsimulia mwenzake alivyogombana na mama yake. Nimeutunga mfano huu, ila kila kiungo chake ni cha mtaani:

"Mathe akanishow, 'Leo hutoki.' Nikamshow, 'Lakini ni saa kumi tu!' Sasa yeye, 'Saa kumi ya nani?' Ati niende nioshe vyombo."

Kitenzi -show kimetoka Kiingereza, lakini katika Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, maana yake ni kuambia, na kimevaa viambishi vya Kiswahili bila kubakiza kimoja: nafsi, -ka- ya masimulizi, kisha mtendwa. Hiki ndicho kitangulizi cha kawaida cha nukuu. Hakimsifu mama wala kumkejeli; kinapanga tu nani alianza na nani alijibu.

Ugomvi unapopanda, kitenzi kinaachwa. "Sasa yeye," halafu inakuja sauti ya mama yenyewe, nzito na ya kuburuta. Msimulizi haripoti tena, anaigiza. Mwanaisimu Deborah Tannen alishasema kwamba maneno tunayodai kunukuu kwa kiasi kikubwa huwa tumeyaunda wenyewe, na hapa ndipo hoja yake inaonekana wazi. Pengine mama hakutamka hivyo hata kidogo. Lakini rafiki amemwona.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyosukwa kwa ustadi zaidi. Mama alisema "nenda ukaoshe". Binti anasema "niende nioshe". Nafsi imegeuka, sawasawa na mwalimu anavyofundisha, ila pahali pa "kwamba" pamekaa "ati". Nairobi, "alisema ati anakuja" haina ubaya wowote. Hapo ati ni kiunganishi tu. Iondolee kitenzi, uiweke mwanzoni mwa sentensi, inauma. Binti amemnyang'anya mama sauti, akabaki na amri peke yake ili sote tuione ilivyomwonea.

London nako, watafiti akina Jenny Cheshire na Paul Kerswill waliwarekodi vijana wa Hackney, mtaa wenye lugha nyingi majumbani, kuanzia mwaka 2004. Waliwasikia wakitanguliza nukuu kwa "this is me", kisha maneno yenyewe, bila kitenzi cha kusema. Ni ndugu wa "sasa yeye": mtu anasimamishwa mbele ya msikilizaji, ndipo aongee. Tofauti ninayoiona ni kwamba kijana wa Nairobi ana -ka-. Ikishatajwa mara mbili, zamu za wasemaji zimeshapangika, na anaweza kuacha vitenzi vyote vinavyofuata bila msikilizaji kuuliza nani kasema nini.