Hesabu ya Leseni kwa Seva Mbili za Kabingo

Asafiriye kutoka Mbarara kwenda Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958 na ambamo Kiswahili cha Kongo husikika tangu alfajiri hata usiku, akishika njia ya Isingiro hupita Kabingo. Na huko ndiko nilikoitwa na ofisi moja ya mafunzo iliyokuwa na seva mbili na swali moja: ni leseni ngapi za Windows Server ziwatoshazo?

Seva zile zilikuwa za kiasi. Kila moja ilikuwa na prosesa mbili za viini 8, jumla viini 16, ambavyo ndivyo kima cha chini wanachotoza Microsoft kwa seva moja tangu toleo la 2016, hata kama viini vyake ni pungufu. Ndani ya hizo mbili walikuwa wamegawa seva pepe 6, tatu huku na tatu huku, zisizo na mwili ila ule wa chuma kilichozibeba. Na maadamu leseni ya Standard, ikiisha kufunika viini vyote vya chuma, huruhusu seva pepe 2, karani wao alikwisha kuandika daftarini leseni 3, ambazo kwa bei iliyotangazwa ya toleo la 2022, dola 1,069 kwa viini 16, zilifikia dola 3,207. Muuzaji naye alikubali pasi na kuuliza neno.

Kugawanya kwake kulikuwa sahihi. Alichokosea ni kudhani kwamba leseni ni mali ya seva pepe, ilhali ni mali ya chuma, wala haihamishwi kwenda chuma kingine kabla ya siku 90, ila cha kwanza kiwe kimeharibika kabisa. Kwa hiyo seva pepe tatu zataka leseni 2 kila upande, nazo ni 4. Na hata nne hizo ni za siku za raha. Radi ikipiga usiku na seva moja ikazimika, zile tatu zake hukimbilia kwa jirani, naye akawa amebeba sita. Na mkataba hautazami wastani wa mwezi, bali idadi kubwa kabisa itakayowahi kukaa juu ya chuma kile. Basi kila seva sharti iwe na leseni 3, jumla 6, dola 6,414: mara mbili kamili ya daftari la karani.

Leseni ya Datacenter, isiyo na mpaka wa seva pepe, ilikuwa dola 6,155 kwa kila chuma, nayo huanza kuwa nafuu pale tu chuma kimoja kinapobeba seva pepe ya kumi na moja. Nikaiacha. Badala yake nikauliza kila seva pepe yafanya kazi gani, na ikadhihirika kwamba mbili zilitunza tovuti na maktaba ya masomo, kazi ambazo Linux huzifanya bila ada. Zikabaki nne za Windows, leseni 2 kila upande, dola 4,276.

Mintarafu ya programu ya kuzisimamia seva pepe, VMware, tangu iangukie mikononi mwa Broadcom mwaka 2023, iliacha kuuza leseni za kudumu, na katika usajili wake wa kulipia huhesabu kila prosesa kuwa na viini visivyopungua 16. Kwa prosesa zetu za viini 8, wangelipia viini 64 ilhali wanavyo 32. Walichukua Proxmox, ambayo programu yenyewe ni bure, na atakaye msaada hulipia kwa prosesa.

Zilisalia leseni za watumiaji, ambazo aghalabu husahauliwa. Wanafunzi hubadilika kila muhula lakini kompyuta za darasa ni zile zile, basi hizo zilipewa leseni kwa chombo. Walimu, wenye simu na kompyuta zao, wangepewa kwa mtu. Nilipoondoka jioni kurudi Mbarara, karani alikuwa bado anauliza kama mlinzi, afunguaye barua zake kwa kompyuta ya darasani, naye ni mwalimu.