Fundi Anayesubiri Tatizo Lirudi

Kifaa kilichokufa kabisa hakimpi fundi shida kubwa. Kinapimwa, kinabadilishwa, mteja anaondoka. Kazi ngumu ni ya kifaa kinachokatikakatika: diski ya nje inayoonekana asubuhi, inapotea katikati ya kunakili picha za harusi, halafu inarudi yenyewe. Ukimpelekea fundi, mbele yake inafanya kazi bila kosa. Wengi watakwambia haina tatizo. Ninayemsifu mimi ni yule ambaye hapo ndipo anapovuta kiti na kukaa.

Kwanza anaziokoa zile picha kwa kuzinakili kidogo kidogo mahali salama, kwa sababu diski inayokatika wakati wa kuandikiwa inaweza kuharibu mafaili. Kisha anauliza: hupotea lini? Ikiwa imeachwa tu, ikiwa inafanya kazi nzito, au meza ikitikiswa?

Kila jibu lina njia yake. Kifaa kikipotea kikiwa kimeachwa, anaishuku kompyuta yenyewe. Windows ina mpangilio wa kulaza vifaa vya USB visivyotumika ili kuokoa umeme, na vipo ambavyo vikilazwa haviamki vizuri. Kikipotea kikiwa na mzigo, anaufuata umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5, na kifaa hakitakiwi kuvuta zaidi ya miliampia 500. Kwenye USB 3.0 kiwango ni 900. Diski ya sahani huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka, na waya mrefu mwembamba hupoteza sehemu ya volti njiani. Ndiyo maana diski ileile hugonga tik tik kwa waya mmoja na kutulia kwa mwingine mfupi. Hata kuhamia tundu la nyuma ya kompyuta ya mezani si kubahatisha. Matundu ya nyuma yamechomelewa kwenye ubao mama wenyewe, ilhali ya mbele huungwa nao kwa waya wa ndani, na waya huo nao unaweza kulegea.

Kuna kosa moja ambalo huwachanganya hata wazoefu. Kipanya kisicho na waya kinakwamakwama, betri ni mpya, kipokezi kimechomekwa sawasawa. Jirani yake ni diski ya USB 3.0. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo kwamba USB 3.0 hutoa kelele za redio zinazoingia kwenye masafa ya 2.4 GHz, na humo ndimo vipanya vingi vya aina hiyo huzungumza. Fundi anayejua hili hagusi programu yoyote. Anachukua waya wa kurefushia, anakisogeza kipokezi mbali na diski, na kipanya kinatulia. Uzuri wa dawa hiyo ndogo hautanichosha kuutazama.

Ila ujuzi ninaouheshimu kuliko wote ni wa kujizuia. Mwenye haraka hubadilisha waya, tundu na draiva kwa mkupuo mmoja. Kifaa kikinyamaza, hajui kilichokiponya, na kikianza tena hana pa kushika. Huyu wetu hubadilisha kitu kimoja, anaanzisha kunakili faili kubwa, na wakati linaenda anaukunja waya taratibu karibu na kichwa chake, mahali ambapo nyuzi hukatika ndani huku plastiki ya nje ikiwa nzima. Anatazama saa na kusoma kumbukumbu za mfumo, kwa kuwa kwenye Linux amri ya dmesg huonyesha kila mara kifaa kilipotoka na kilipoingia.

Akishaweka waya mpya na kila kitu kikatulia, bado hapokei malipo. Anaurudisha ule wa zamani na kungoja. Diski ikipotea tena, ameshika chanzo. Anaweka mpya, na wa zamani anaukata kwa mkasi usije ukarudi kwenye droo, mtu mwingine akauchukua.