Jibini ya Oda 10248

Kuna duka la vifaa vya ujenzi ambalo kompyuta yake haina kumbukumbu ya jana. Mteja akirudi na dai la mabati aliyonunua mwaka uliopita, mhudumu huitafuta risiti, huichapisha upya, nayo hutoka na bei ya asubuhi hii. Mteja anabaki na karatasi mbili za mauzo yaleyale, kila moja na jumla yake, na ubishi unaozuka hapo kaunta hauna mwamuzi, kwa kuwa karatasi zote mbili zimetoka kwenye mashine moja. Aliyeitengeneza programu hiyo ana cheti, na msimbo wake haujakosewa popote unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Alichokosa ni kukaa na kazi ya mtu mwingine mpaka aielewe.

Waliojifunza kutengeneza programu za kanzidata kati ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wameshajua ninakoelekea. Sisi tulikuwa na Northwind. Ilikuja ndani ya Microsoft Access, ikaja pia na SQL Server: kampuni ya kubuni inayouza vyakula ulimwenguni, yenye wateja 91, wafanyakazi 9, bidhaa 77 na oda 830. Hakuna aliyewahi kula chochote kilichouzwa na kampuni hiyo, lakini tuliijua kuliko waajiri wetu. Bidhaa namba 1 ni chai, nayo imeandikwa hivyohivyo, Chai, kwa bei ya 18. Ukizingatia kwamba kila kingine ndani ya mashine ile kilikuwa kigeni kwetu, hayo yalikuwa makaribisho mazuri.

Fungua jedwali la bidhaa utafute jibini ya Queso Cabrales. Bei yake ni 21. Sasa nenda kwenye oda ya kwanza kabisa, namba 10248, ya tarehe 4 Julai 1996, iliyopelekwa Reims, Ufaransa. Jibini ni ileile, idadi 12, bei 14. Chini yake kuna tambi za Hokkien ambazo kwenye jedwali la bidhaa ni 14, na hapa zimeandikwa 9.80. Mozzarella peke yake ndiyo inayolingana, 34.80 huku na 34.80 kule.

Mwanagenzi akifika hapo husita. Darasani ameshaambiwa, kwa kanuni zilizoanzia kwa Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, kwamba habari moja ikae mahali pamoja tu, kwa sababu ikikaa mahali pawili, siku moja pawili hapo patagombana. Mbona basi bei imeandikwa mara mbili, na tayari zinagombana? Anaweza kulikwepa swali aendelee na kurasa zake. Anaweza pia kukaa nalo, atembee nalo mpaka kituo cha daladala, alale nalo. Akikaa nalo, litamfungukia lenyewe: hizo ni habari mbili. Bei ya bidhaa ni habari ya leo, na mwenye duka ana ruhusa ya kuibadili atakavyo. Bei ya mauzo ni jambo lililokwisha kutokea. Mfaransa alilipa 14, na hata jibini ipande mpaka 100, atabaki kuwa alilipa 14. Anayeichukua bei ya risiti kutoka jedwali la bidhaa anabadili yaliyopita kila anapobadili bei.

Hakuna maelezo yoyote ya haya ndani ya Northwind. Hakuna kidokezo wala kisanduku cha rangi kinachosema zingatia hapa. Fundi aliitia bei mahali pake akaondoka. Mafundi cherehani walijifunza kwa njia hiyohiyo: lilipopatikana koti la fundi aliyewazidi, hawakulivaa, walilifumua uzi kwa uzi juu ya meza, ndipo walipoona kitambaa cha ndani kilichoficha siri ya bega. Anayetazama koti likiwa mwilini mwa mtu hatakiona kitambaa hicho hata akitazama mwaka mzima.

Oracle, kampuni nyingine ya kanzidata, nao walikuwa na mfano wao, mdogo zaidi. Uliufungua kwa jina la scott na nywila ya tiger; Scott ni Bruce Scott, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo wa kampuni, na tiger alikuwa paka wa nyumbani kwake. Wafanyakazi 14, idara 4, basi. Utamu wake ulikuwa katika udogo huo. Jioni moja ilitosha kuwajua wote kwa majina, na kugundua kwamba King, rais wa kampuni, ndiye pekee ambaye nafasi ya bosi wake iko tupu. Ukiomba orodha ya wafanyakazi pamoja na idara zao, unapewa wote 14 na unaridhika. Ukizihesabu idara zilizotajwa, ni tatu. Ya nne, namba 40, iliyoko Boston, haina mfanyakazi hata mmoja, na kwa kuwa haina mtu, swali lako limeipita kana kwamba haijawahi kuwepo. Sharti uulize kwa namna nyingine ndipo ijitokeze. Aliyeiacha idara ile tupu alikuwa mwalimu, awe alikusudia au hakukusudia. Zahanati isiyoleta taarifa hutoweka kwenye ripoti ya mwezi kwa njia hiyohiyo, na wakubwa wakaisoma ripoti na kuona mkoa mzima uko salama.

Sisemi mifano yote ilikuwa mizuri. Lugha ya PHP ya Rasmus Lerdorf na kanzidata ya MySQL ya kule Sweden zilitoka mwaka mmoja, 1995, na kwa pamoja zilimwezesha mtu asiye na fedha kuwa na tovuti inayotunza kumbukumbu. Mifano yake ilienea kila penye intaneti kafe, na mingi ilikuwa na sumu. Ilichukua alichoandika mgeni kwenye fomu ikakipachika kilivyo ndani ya amri inayokwenda kwenye kanzidata, ambako maneno hufungwa kwa ritifaa. Walioiandika hawakuwa wamewahi kukutana na Bwana Ng'ang'a. Alipojaza jina lake, ritifaa yake ilifunga maneno kabla ya wakati na ukurasa ukaanguka. Mtu wa Mang'ula naye hakuweza kutaja anakotoka. Na tundu lililowakwaza hawa wawili ndilo analoingilia mwizi: naye huandika ritifaa, ila yeye huiandika kwa makusudi, kisha huifuatisha na amri zake mwenyewe. PHP ilipoziondoa amri zake kongwe za MySQL katika toleo la 7, mwaka 2015, mifano hiyo ilikufa kwa mkupuo, nami sikuililia. Hata hivyo, aliyekuwa ameifumua alijua tundu liko wapi. Aliyekuwa ameinakili tu alikwenda kutafuta kingine cha kunakili.

Baadaye tulipata na cha kwetu. Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za wananchi, ilizaliwa Kenya mwaka 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, ikaandikwa kwa PHP na msimbo wake ukaachwa wazi kwa kila mtu. Kwenye jedwali lake la matukio kulikuwa na safu mbili ndogo za ndiyo na hapana: moja ilisema ripoti hii ionekane, nyingine ilisema imethibitishwa. Mtu mvivu angeziunganisha zikawa moja. Waliozitenganisha walikuwa wanaijua hali ya nchi yao, ambapo jambo linaweza kustahili kusikika kabla hajapatikana wa kulithibitisha.

Siku hizi sioni watu wakikaa na vitu hivi. SQL Server ya 2005 ilikuja na Adventure Works, kiwanda cha baiskeli chenye majedwali makumi kwa makumi. Ni kazi nzuri, imekamilika, na sijakutana na mtu aliyeisoma yote. Sasa hata hiyo ni ya wazee. Kijana huiambia mashine anataka duka la mtandaoni, nayo humpa duka zima kabla chai yake haijapoa. Naweza kusema mashine inakosea, na wakati mwingine hukosea kweli. Lakini mara nyingi bei ya mauzo imo, mahali pake hasa, kama ilivyokuwa kwenye oda 10248. Hilo ndilo linaloniuma. Imo, na mwenye duka hajui kwamba imo. Mwezi ujao ataiona, atasema hii ni marudio, ataifuta ili kazi yake ipendeze.

Django, mfumo wa kutengenezea tovuti, ilianzia kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na somo lake la kwanza ni programu ya kupiga kura. Kwa miaka mingi msimbo wa somo hilo ulisoma idadi ya kura, ukaongeza moja, ukairudisha. Kisha waandishi wenyewe wakamwambia msomaji kwamba walichomwonyesha kina kasoro. Kura zikiwa 42 na watu wawili wakapiga kwa wakati mmoja, wote watasoma 42, wote wataandika 43, na kura moja itakuwa imepotea bila mtu kuiiba. Sijui somo jingine lililomheshimu mwanagenzi kiasi hicho. Siku hizi kasoro imerekebishwa: kuna herufi F, ambayo huiachia kanzidata yenyewe kazi ya kuongeza, na maelezo marefu yale yakabaki dokezo fupi. Kazi imekuwa bora, na waandishi wake walitenda inavyopaswa. Nilimuuliza kijana mmoja aliyekwisha kulimaliza somo hilo, na anayelipwa kwa kazi hii, F ile ni ya nini.

"Ndivyo inavyoandikwa, mzee," akaniambia.